Chunusi: Zatoka Wapi, na Nani Anazichochea?



 

Maneno haya niliyatoa kwanza katika kikao cha kina dada, baada ya sala ya Alasiri, tukiwa tumekaa juu ya mkeka kila mtu na saumu yake. Niliombwa niyaandike kwa ajili ya jarida letu, nami nimeongeza machache kwa kina kaka na kwa wazazi, maana siku ile hawakuwapo. Najua wako watakaosema: mwezi wa Ramadhani, badala ya kutueleza habari za Lailatul Qadr, huyu atuletea habari za chunusi? Subiri kidogo, ndugu yangu. Soma kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Nilipokuwa fomu ya pili kipaji changu kilijaa chunusi, kisha mashavu, kisha kidevu. Na ukiwa na chunusi, kila mtu huwa daktari wako. Nyanya yangu alisema ni uchafu, nioshe uso vizuri. Khalati yangu alisema ni damu chafu, ninywe shubiri. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliniambia mbele za watu kwamba ni hamu ya mume, nikiolewa zitaondoka zenyewe. Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini chakula cha siku ile hakikupita kooni. Na mwenzangu mmoja wa madrasa, tena tuliyekuwa tukidurusu pamoja, aliniambia kwa upole kabisa kwamba huenda ni alama ya dhambi ninayoificha.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Nilikuwa na umri wa miaka 16. Nilikuwa nikisujudu huku najiuliza ni dhambi gani hiyo ambayo hata mimi siijui.

Basi nikaanza kuosha uso kwa sabuni kila nikitia udhu, mara tano kwa siku, na siku nyingine zaidi. Nikausugua kwa kitambaa kigumu. Nikaupaka ndimu. Nikapaka dawa ya meno usiku, kwa sababu msichana mmoja wa bweni alisema yakausha. Ngozi ikakauka kweli, ikabambuka, ikachoma, na chunusi zikazidi.

Kuna kisa ambacho wengi wetu tulisomeshwa madrasa, kilichopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (RA). Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (SAW) alighadhibika sana na wale waliotoa jibu bila elimu, na akatufundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki namfikiria mtu mwenye kidonda na watu wanaompenda wamemzunguka, kila mmoja anampa jawabu. Hawakuwa maadui zake wale. Walikuwa wenzake.

Sasa ebu tuiangalie ngozi yenyewe.

Katika ngozi yako mna vitundu vidogo vidogo sana, na katika kila kitundu mna shina la unywele, hata kama unywele wenyewe huuoni. Ubavuni mwa kitundu kuna tezi inayotoa mafuta ya kuilainisha ngozi. Tezi hizi ni nyingi na kubwa zaidi usoni, kifuani na mgongoni, na ndiyo sababu chunusi hukaa huko, wala huzioni kwenye kiganja cha mkono, maana kiganja hakina tezi hizo kabisa. Mtoto anapobaleghe mwili huanza kutoa kwa wingi homoni ziitwazo androjeni. Wavulana wanazo, na wasichana nao wanazo ingawa kwa kiasi kidogo. Homoni hizo huziamrisha tezi zitoe mafuta zaidi. Wakati huo huo, seli za ngozi zilizokufa ndani ya kitundu, badala ya kutoka moja moja, hushikana na kuziba mdomo wa kitundu kama kizibo cha chupa. Mafuta yanaendelea kutoka, lakini njia imefungwa.

Kizibo kikiwa chini ya ngozi waona kipele cheupe. Kikiwa wazi juu waona kidoa cheusi. Na hapa tusimame kidogo, kwa sababu kidoa kile cheusi ndicho kilichowadanganya watu karne na karne wakadhani chunusi ni uchafu. Weusi ule si vumbi. Ni rangi ile ile ya asili ya ngozi yako pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Ukisugua hadi damu itoke hautaondoka, kwa sababu hakuna taka ya kuondoa.

Kisha kuna kijidudu, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes. Huyu anaishi juu ya ngozi ya kila mwanadamu, imamu na maamuma, mwenye chunusi na asiye nazo. Lakini akipata kitundu kilichozibwa, kilichojaa mafuta na kisichokuwa na hewa, amepata nyumba. Anaongezeka, mwili unamgundua na kuleta askari wake kupigana, na vita vile ndivyo wewe unavyoviona kama uvimbe, wekundu, maumivu na usaha.

Hayo ndiyo mambo manne: mafuta mengi, kitundu kuziba, bakteria, na mwili kupigana naye. Hakuna la tano linaloitwa dhambi. Na hakuna la sita linaloitwa hamu ya mume, kwa sababu wako walioolewa, wana watoto watatu, na chunusi wanazo. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani husema kwamba kiasi cha asilimia 85 ya watu wa umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi, japo kidogo. Ingekuwa ni alama ya dhambi, basi wale watu wazima wenye nyuso laini na ndimi kali tungewaweka wapi?

Kwa nini mmoja zimjae na nduguye zimpitie mbali? Sehemu kubwa ni urithi. Mwaka 2002 huko Uingereza watafiti waliwalinganisha pacha wa kike kwa mamia, wale wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, wakakadiria kwamba kiasi cha asilimia 81 ya tofauti baina ya watu katika chunusi yatokana na urithi. Kwa hiyo mama unayemkaripia mwanao kwa uso wake, muulize kwanza babake alikuwaje ujanani, au chukua picha zako za zamani ujitazame.

Kwa kina dada kuna jingine, na katika kujifunza hakuna haya. Wengi wetu chunusi huzidi siku chache kabla ya hedhi. Hilo ni la kawaida. Lakini ikiwa hedhi yako hukatika kwa miezi, na nywele ngumu zinaota kidevuni, na chunusi hazikomi, hapo mwende kwa daktari akapime homoni. Huenda ni ovari zahitaji kuangaliwa, na kwa hilo hata cheni ya mafuta ya uso hayatakufaa kitu.

Haya, sasa tuje kwenye mambo yanayozidisha, na kwa kuwa ni Ramadhani, nianze na sinia ya futari.

Tangu zamani watu husema ukila mafuta yatakutoka usoni. Sivyo hasa. Mafuta ya sambusa hayasafiri kutoka tumboni hadi kwenye kipaji. Lakini wale waliosema chakula hakina uhusiano wowote nao walikosea. Mwaka 1969 huko Marekani watu 65 walipewa vipande vya chokoleti na vipande vingine visivyo na kakao, na haikuonekana tofauti katika chunusi zao. Kwa miaka mingi madaktari walisimama hapo hapo. Baadaye watu wakaangalia vizuri wakaona kuwa vile vipande vingine navyo vilikuwa vimejaa sukari na mafuta! Ni kama kulinganisha kaimati na mkate wa sinia ukitafuta kipi hakina sukari.

Mwaka 2002 watafiti waliandika habari za kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea. Waliwaangalia watu 1,200, wakiwemo vijana 300 wa umri wa miaka 15 hadi 25, na hawakumkuta hata mmoja mwenye chunusi. Watu wale hula viazi vitamu, matunda, samaki na nazi, na sukari na unga mweupe karibu hawavijui. Huenda ikawa wana urithi wao pia, sikatai. Lakini mwaka 2007 huko Melbourne, Australia, vijana wa kiume 43 wenye chunusi waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi lililopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, chunusi zao zilipungua zaidi kuliko za wenzao. Maelezo yake ni kwamba sukari ikipanda ghafla mwili hutoa insulini nyingi, na insulini hiyo huamsha homoni nyingine zinazozichochea zile tezi za mafuta. Uchunguzi mwingine umekuta uhusiano na maziwa, hasa yale yaliyoondolewa mafuta. Kaka zangu mnaokwenda jimu, ile poda ya protini inayotokana na maziwa nayo imetajwa mara kadhaa na madaktari, kwa hiyo kama mgongo wako umejaa vipele tangu uanze kuikoroga, iache kwa miezi miwili uone.

Sasa jitazame wakati wa Magharibi. Tumbo halijapata kitu tangu daku. Unaanza na tende, vizuri kabisa, hiyo ni sunna, tatu na maji. Kisha glasi mbili za sharubati iliyotiwa rangi na sukari. Kaimati. Tambi za sukari. Mahamri. Chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Baada ya tarawehe, soda. Simwambii mtu asile kaimati za mamake, mimi mwenyewe siwezi. Lakini sharubati badala ya glasi tatu iwe moja, au iwe maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari nyingi. Mbaazi, samaki, mboga na matunda viwe vya kushibisha, na vitamu viwe vya kuonja. Hilo halitaondoa chunusi zote za mtu. Lakini halikudhuru, wala halikugharimu hata shilingi.

La pili ni tunavyojipaka. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, na mafuta mazito ya nywele ya kopo watu wanayapenda. Lakini yakiteremka kwenye kipaji kwa joto la Mombasa, huziba vile vitundu. Madaktari walizigundua zamani chunusi za namna hii, zinapanga mstari pale pale nywele zinapoanzia. Ukiona zako ziko hapo na mashavuni huna, tafuta sababu kichwani. Paka mafuta kwenye nywele, si kwenye ukingo wa uso.

Na shungi? Shungi halileti chunusi, na mtu asilitumie neno langu vibaya. Lakini kitambaa kinachobana na kusuguana na ngozi yenye jasho siku nzima huzidisha zilizopo. Mwaka 2020 tulipovaa barakoa kwa ajili ya korona dunia nzima iliona jambo hilo, hata waliokuwa hawajawahi kulifikiria. Ile kofia ya ndani ya shungi, ndugu yangu, unaifua lini? Iwe safi kila siku, iwe ya pamba, isikaze. Mwenye kuvaa ninja naye afanye vivyo hivyo.

Udhu hauna tatizo. Maji matupu mara tano kwa siku hayaharibu ngozi. Lililoniharibu mimi ni sabuni mara tano. Sabuni laini mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, yatosha, kwa vidole, bila kusugua. Na kutumbua! Ukibinya chunusi kwa kucha, nusu ya usaha hutoka nje na nusu huingia ndani zaidi, na kwa ngozi zetu nyeusi kila kidonda huacha doa ambalo laweza kukaa miezi. Mara nyingi watu husema wana chunusi nyingi, na ukiangalia, chunusi ni tano na madoa ni hamsini.

Kaka zangu, vile vipele vya shingoni na kidevuni baada ya kunyoa huwa si chunusi. Ni nywele zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Kunyoa kwa wembe hadi chini kabisa ndiko kunakovileta, na mwenye kufuga ndevu ameepukana navyo.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nikubali kuzungumza siku ile, na ndilo sababu ya kulileta Ramadhani.

Nyote mwajua kwamba harusi zetu nyingi ni Mfunguo Mosi. Basi Ramadhani ndiyo wakati wa kujitayarisha uso, kwa bi harusi na kwa ndugu zake wote. Zamani ilikuwa ni singo, liwa na mawaridi. Siku hizi ni kimkebe.

Nilikuwa fomu ya tatu, na binti ami yangu alikuwa anaolewa baada ya Idi. Nikaenda kwenye duka moja la vipodozi karibu na soko. Muuzaji hakuniuliza hata jina. Alinitazama uso, akachukua kimkebe cheupe kisichokuwa na maandishi, akakamua tyubu mbili tatu ndani yake, akakoroga kwa kijiko, akasema nipake usiku, shilingi mia tatu. Mimi nilimwona kama malaika.

Na kilifanya kazi! Hili lazima niliseme kwa haki, kwa sababu ndilo linalowanasa watu. Baada ya siku kumi chunusi zilikuwa zimenywea. Siku ya Idi uso wangu ulikuwa laini na mweupe kuliko shingo, na kila anayeniona asema mashaallah. Nikapiga picha nyingi. Yule jirani aliyenichekesha watu akaniuliza napaka nini.

Kimkebe kikaisha wiki moja baada ya harusi. Siku ya nne uso ukaanza kuwaka. Maji ya udhu yakawa kama pilipili. Vikatoka vipele vidogo vidogo, vyote kimo kimoja, kama punje za mtama, vingi zaidi pembeni mwa mdomo. Nikakimbilia dukani, nikanunua kingine, ukatulia. Kikaisha, ukawaka. Nikaishi hivyo miezi minane. Mashavu yakaota malaika ya nywele, ngozi ikawa nyembamba hadi mishipa inaonekana.

Mamangu ndiye aliyenipeleka hospitalini. Daktari aliuliza, "Binti, unapaka nini?" Nikajibu kwamba napaka mafuta ya mgando tu. Nilikuwa nimefunga siku ile, nami nikasema uongo. Mamangu hakusema neno. Alifungua mkoba wake, akakitoa kimkebe, akakiweka juu ya meza.

Daktari alieleza kwamba michanganyiko kama hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni dawa halali za maradhi fulani ya ngozi, kwa muda na kipimo cha daktari. Kazi yake ni kuwazuia wale askari wa mwili wasipigane. Ndiyo maana uvimbe hunywea kwa haraka. Lakini kitundu bado kimezibwa, bakteria yumo, na sasa hakuna wa kumpinga. Ngozi inazoea, na ukiiacha inalipiza. Hata vile vipele vya kimo kimoja ni chunusi za steroidi zenyewe. Nilikuwa nanunua ugonjwa kwa shilingi mia tatu kila mwezi.

Steroidi si pekee. Vipodozi vingine vina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuigeuza ngozi ya mashavu iwe nyeusi ya kibuluu, na hali hiyo ni ngumu mno kuitibu. Vingine vina zebaki. Hapa hapa kwetu, mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 watu wazima ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini, miili ikavimba. Wagonjwa 32 kati yao, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata kuviondoa sokoni vipodozi vilivyotiwa zebaki. Na shirika letu la viwango, KEBS, limevipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi. Marufuku ipo, na kimkebe kipo. Kwa sababu hakina jina, hakuna wa kumkamata. Kama kitu unachopaka usoni hakikuandikwa kilichomo ndani, huna haja ya kumuuliza mtu kama ni kizuri.

Basi mwenye chunusi afanye nini? Dawa zipo, na nyingi si ghali sana. Kwa chunusi za kawaida kuna krimu ya benzoili peroksaidi, ambayo humpunguza yule bakteria, na kuna adapalini, ambayo hufungua vitundu. Muulize mfamasia aliyesomea kazi yake. Nakuonya mambo mawili. Benzoili peroksaidi hufifisha rangi ya nguo. Itakuharibia shungi, foronya na taulo, kwa hiyo paka usiku, ulalie foronya nyeupe. La pili, usitarajie kitu kabla ya wiki sita hadi nane, na mara nyingine ni miezi mitatu. Watu huacha wiki ya pili wakasema dawa haifai, kisha wakarudi kwenye kimkebe kwa sababu chenyewe ni cha siku kumi. Dawa inayofanya haraka kupita kiasi ndiyo ya kuitilia shaka.

Zikiwa nyingi, zinauma, zinaacha makovu, au zimekufanya hutaki kutoka nje, usingoje. Nenda kwa daktari wa ngozi. Kuna vidonge vya antibayotiki kama doksisaiklini, kwa muda maalumu na pamoja na krimu, si kujinunulia kila mwezi. Na kuna isotretinoini kwa zile kali sana. Dada zangu mlioolewa au mnaokaribia kuolewa, isotretinoini humharibu mtoto tumboni vibaya sana, na hata adapalini ya kupaka huachwa wakati wa mimba. Doksisaiklini nayo si ya mwenye mimba wala ya watoto wadogo. Mwambie daktari hali yako bila haya.

Na saumu je? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, liliyataja mafuta na krimu zinazonyonywa na ngozi miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu. Kama moyo wako hautulii, paka usiku, kwani nyingi ya dawa hizi hupakwa usiku hata hivyo. Vidonge vinywe baada ya kufuturu au wakati wa daku, kama daktari atakavyokupangia. Lakini doksisaiklini usiinywe daku kisha ukarudi kulala. Kidonge kile kikikwama kooni huchoma kama kaa la moto. Kinywe na glasi nzima ya maji, wala si maziwa, ukae wima angalau nusu saa. Yaani kinywe, kisha usome Qur'ani mpaka Alfajiri.

Siku ile tulipomaliza kikao mama mmoja alinifuata nje, tukiwa tunavaa viatu. Alisema binti yake ana kimkebe chini ya godoro, amekiona, na nia yake ni kwenda nyumbani kukitupa chooni na kumpa maneno yake. Nikamwambia asikitupe. Mtu aliyepaka miezi mingi akikatazwa ghafla, uso huwaka kama ulivyowaka wangu, naye atatafuta kingine kwa siri siku hiyo hiyo. Mimi daktari alinipunguzia kidogo kidogo, na uso wangu ulichukua karibu mwaka kutulia. Nikamwomba akikaribia Idi asiseme chochote kuhusu uso wa binti yake, zuri wala baya. Siku ya kwenda hospitali wakichukue kile kimkebe, kikiwa na kilichomo, kwa sababu daktari anahitaji kukiona.

Akaniuliza, "Na akikataa kwenda?"

Nikamwambia aende naye wawili tu, asimwambie khalati yake wala jirani, na mbele ya daktari amwache binti aseme mwenyewe kwanza.